Nimerudi Manyoni, na kila mtu ananiuliza kama Wamarekani ni wabaguzi

Jamani habari zenu. Nimerudi nyumbani, na safari hii sio likizo, nimerudi moja kwa moja, mabegi yako kwa kaka yangu hapa Manyoni na Ohio, jimbo la Marekani nilikokuwa naishi, nimeshaaga. Watu wananipigia simu, wengine wananifuata mpaka mlangoni, nilitegemea wataniuliza mambo ya hela na viza na wameuliza kweli, ila swali linalorudi kila siku ni moja, eti dada kule wanatubagua kweli au ni maneno ya mitandao? Na ukimwangalia vizuri anayeuliza ameshajijibu zamani, anataka tu mimi niliyetoka huko nimgongee muhuri.

Ndani ya nyumba hii yenyewe kuna pande mbili. Kaka anampenda Trump balaa, anasema yule anasimamia mambo ya dini na anaongea bila kuzunguka. Mwanae yuko chuo Dodoma, yeye anaamini mzungu yeyote ni mbaguzi tangu tumboni kwa mama yake. Wanabishana mpaka ugali unapoa, ugali wa uwele na mlenda ambao nimeulilia miaka yote, na mimi nimekaa katikati nasikiliza watu wawili ambao hawajawahi kukanyaga Marekani wakirushiana maneno yaleyale niliyoyaacha kazini kwetu, hata mpangilio ni uleule. Yamekuja kwa simu, klipu baada ya klipu, yametafsiriwa na kuwekewa muziki. Hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Nilikuwa nafanya kazi nyumba ya kulea wazee huko Columbus, kuogesha, kulisha, kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Chumba chetu cha kupumzikia kilikuwa na TV moja ukutani. Anaingia mama mmoja wa kizungu anaweka Fox, chaneli inayopendwa na watu wa Trump, akitoka anaingia dada mmoja mweusi mwenyeji wa Cleveland anaweka MSNBC, chaneli ya wanaompinga, na kila mmoja akikuta chaneli ya mwenzie anabadilisha bila kuomba. Sasa 2020, George Floyd, mtu mweusi, ameshauawa Minneapolis, Mei 25, askari kamkandamiza shingo kwa goti zaidi ya dakika 9, hawa wawili wakashikana maneno sisi wengine tunakunywa chai, mmoja akamwambia mwenzie wewe ni mbaguzi, mwenzie akamjibu nyie ndio mnaochochea rangi kila mahali. Walikuwa marafiki wale. Walikuwa wanaachiana zamu mtoto wa mmoja akiumwa. Toka siku ile hata salamu ikaisha, bosi akafungia rimoti kwenye droo, TV ikawa inaonyesha watu wanakarabati majumba asubuhi mpaka usiku, na sisi tunakula kimya.

Sasa kubaguliwa. Ndiyo, nimebaguliwa, sitawaficha. Kulikuwa na mzee mmoja alikataa kuguswa na mimi, akasema hataki mikono myeusi mwilini mwake, akasema kwa sauti kabisa mlango uko wazi na watu wanapita. Aliyekuja kumtuliza ni yuleyule mama wa Fox, ambaye kwenye dashibodi ya gari yake anaweka kofia nyekundu ya Trump, akamwambia mzee, leo utaogeshwa na huyu au utabaki na uchafu wako, chagua. Na mama yangu alipofariki ni yeye aliyepita na bahasha kwa wafanyakazi wote mpaka nauli yangu ikatimia. Halafu mama huyohuyo, Septemba 2024, aliamini kila neno lililosemwa kuhusu Wahaiti wa Springfield. Mpaka leo sijaweza kumweka kwenye upande wowote, na nimemfikiria sana.

Habari ya Springfield nataka niieleze taratibu kwa sababu mtoto wa kaka bado ana klipu yake kwenye simu na anacheka. Springfield ni mji mdogo, watu hawafiki 60,000, kama kilomita 70 kutoka Columbus, zamani ulikuwa na viwanda, vikafa, vijana wakahama. Miaka ya karibuni kazi zikarudi, na Wahaiti wakaja kuzifanya, zaidi ya 10,000, wengi wakati huo walikuwa na kibali halali cha hifadhi ya muda kwa sababu Haiti hakukaliki. Watu wote hao kwa muda mfupi hivyo, kodi za nyumba zikapanda, foleni za kliniki zikawa ndefu, shule zikahitaji walimu wa kuwasaidia watoto wasiojua Kiingereza. Hayo ni matatizo ya kweli kabisa na wenyeji walikuwa na haki ya kuyasema. Agosti 2023 dereva wa Kihaiti aligongana na basi la shule, mtoto wa miaka 11 akafa. Hapo ndipo hasira ikapata pa kushika.

Halafu ikaja stori kwamba Wahaiti wanakula mbwa na paka wa watu. J.D. Vance ambaye alikuwa seneta wetu wa Ohio akaisambaza, na Septemba 10, 2024 Trump akaisema kwenye mdahalo na Kamala Harris, mpinzani wake wa urais, mbele ya mamilioni ya watu. Maofisa wa mji walishasema hawana ripoti yoyote ya kuaminika. Gavana Mike DeWine akasema sio kweli, na huyu gavana ni Republican, chama kimoja na Trump, kazaliwa hapohapo Springfield, yeye na mkewe wamesaidia shule Haiti miaka na miaka. Hakusikilizwa. Vikaja vitisho vya mabomu zaidi ya 30, vyote vya uongo, shule zikawa zinafungwa, watoto wanatolewa madarasani, polisi wa jimbo ikabidi wapelekwe kupekua shule kila asubuhi. Vance alipobanwa CNN akasema kama ni lazima atengeneze stori ili waandishi waangalie shida za watu basi atafanya hivyo, kisha akafafanua kwamba alimaanisha kuwafanya waandishi waliangalie jambo hilo. Baba wa yule mtoto aliyekufa alisimama kwenye kikao cha mji siku ileile ya mdahalo akaomba wanasiasa waache kulitumia jina la mwanae. Baba mfiwa anaomba hivyo hadharani, na bado waliendelea.

Huo ni ubaguzi, mimi nauita hivyo bila kusita, kuwabambikia watu wa rangi moja na nchi moja uchafu ambao hawakufanya. Wahaiti niliokuwa nakutana nao dukani Columbus walikuwa wanaongea kwa kunong'ona ili lafudhi yao isisikike.

Lakini na upande mwingine nao niliuona. Watu wa Columbus, watu wasomi wanaojiita wapinga ubaguzi, walichukua ile habari ya mbwa na paka wakaifanya vichekesho na nyimbo za kuzunguka kwenye simu, wanamcheka Trump, Wahaiti wenyewe wamejifungia ndani. Na mwenyeji wa Springfield aliyelalamika kodi tu, mtu ambaye hakutaja paka wala nini, naye akawekwa kapu moja na wenye vitisho. Mkiishamwita mtu mbaguzi kwa sababu ya kodi ya nyumba hawezi kukusikiliza tena ukimwambia ile stori ya paka ni uongo, anaona wote mko kwenye mpango mmoja wa kumtukana. Yule mama wa kazini kwetu alikuwa na fulana inayotokana na lile neno "deplorables" la Hillary Clinton, mpinzani wa Trump, la Septemba 2016, aliposema nusu ya wafuasi wa Trump ni watu wa hovyo, wabaguzi na kadhalika. Clinton alisema anajutia kusema nusu, lakini fulana zilishachapwa, na mama huyu aliivaa miaka yote ile kwa fahari.

Kwa nini neno hili la mbaguzi linawachoma hivyo? Mimi naona ni kwa sababu vyama vyenyewe, Republican cha Trump na Democratic cha Obama, vimegawanyika kwa rangi, na zamani havikuwa hivyo. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilipita kwa kura za vyama vyote viwili, na kwa asilimia Warepublican waliiunga mkono kuliko Wademocrat, kwa sababu Wademocrat wa kusini ndio walioishikilia isipite. Baada ya hiyo na ile sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, wazungu wa kusini wakahama polepole kwenda Republican, weusi wakabaki Democratic, mpaka leo zaidi ya weusi 8 katika 10 wanapigia kura chama kimoja. Kwa hiyo siku hizi ukisema kitu fulani ni cha kibaguzi, msikilizaji anasikia umetaja chama chake, na anakimbilia kukitetea chama kabla hajaangalia hicho kitu. Na mtuhumiwa akiwa mtu wa chama chenyewe, chama kinalegea. Februari 2019 gavana wa Virginia, Ralph Northam, Democrat, kwenye ukurasa wake wa kitabu cha chuo cha udaktari ikakutwa picha ya mtu kajipaka weusi usoni pembeni ya mwingine kavaa nguo za Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu lililokuwa likiwatesa na kuwaua weusi. Kwanza akaomba radhi, kesho yake akasema hayumo kwenye picha ile, wakubwa wa chama chake wakamtaka ajiuzulu, hakujiuzulu, akamaliza muhula wake, na kelele zikapoa.

Kuna kisa kingine watu wa huku kitawagusa. Henry Louis Gates, profesa mweusi wa Harvard, Julai 2009 alitoka safari ya China akakuta mlango wa nyumba yake mwenyewe huko Cambridge umekwama, akausukuma, mpita njia akapiga simu polisi, ikaishia profesa kafungwa pingu barazani kwake. Mashtaka yakafutwa baada ya siku chache. Obama akaulizwa, akasema polisi walifanya kijinga, na nchi ikawaka, baadaye ikabidi amwite profesa na yule askari Ikulu wakanywe bia. Obama aliandika miaka ya baadaye kwamba hakuna tukio jingine moja lililompunguzia uungwaji mkono wa wazungu kama hilo. Sasa huyu Gates, akiwa kijana mwanafunzi wa Yale, mwaka 1970 alikuja kufanya kazi hospitali ya misheni Kilimatinde. Kilimatinde hii yetu, wilaya hii ya Manyoni! Nilipomwambia kaka alinyamaza, kisha akaniuliza, sasa yule profesa alikosa nini? Ndilo swali la kwanza zuri alilouliza toka nifike, maana aliuliza habari za mtu, hakuuliza habari za chama.

Na msidhani ubaguzi wa Marekani ni matusi na stori za paka tu. Pale Columbus kuna mahali panaitwa Hanford Village, nyumba zilijengwa baada ya vita kuu ya pili kwa ajili ya wanajeshi weusi waliorudi, barabara kuu ya I-70 ikapitishwa katikati yake miaka ya 60. Nyumba zilizobaki ziko mpaka leo na magari yananguruma pembeni. Hakuna aliyemtukana mtu siku ile, mainjinia walichora mstari tu. Hii habari huwezi kuikuta kwenye klipu, haina wa kupigiwa makofi wala wa kuzomewa, lakini familia zile zilipoteza mali ambayo wangewaachia watoto.

Kazini kwetu baada ya 2020 kulikuwa na semina za kupinga ubaguzi, mabango ukutani, maneno mazuri. Ratiba ya zamu haikubadilika: usiku na wikiendi ni Waafrika, mchana Jumatatu mpaka Ijumaa ni wengine. Aliyeibadilisha ni dada mmoja kutoka Kongo, mpole, hakuwa anabishana na mtu kwenye kile chumba cha TV. Alikuwa na daftari dogo la mistari, jalada la bluu, anaandika tarehe, saa, nani kapangwa wapi, nani aliomba mchana akakataliwa na nani alikuwepo, na ratiba zenyewe anazipiga picha kabla hazijabanduliwa. Miezi ilipita. Alipokwenda kwa wakubwa hakumwita mtu yeyote mbaguzi, aliwawekea ratiba mezani akawaomba waeleze. Walishindwa kueleza, na mwezi uliofuata zamu ziligawanywa upya.

Rafiki wa mtoto wa kaka anaondoka kwenda kusoma Texas na ameniuliza afanyeje akikutana na ubaguzi akipata kazi. Nimemwambia asiulize mitandaoni na asimuulize mtu mwenye chama, anunue daftari. Sheria ile ya 1964 bado ipo na ofisi ya serikali ya kushughulikia ubaguzi kazini inaitwa EEOC, huhitaji wakili kupeleka malalamiko, ila una siku 180 toka jambo litokee, na kwenye majimbo yenye ofisi yao ya namna hiyo, Ohio na Texas zote zimo, ni siku 300, na wewe mgeni ukiwa na kibali cha kazi unalindwa sawa na mwenyeji.