"Moyo unaniuma" na gharama ya kuifasiri vibaya

Mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Fizi katika Kivu Kusini, alimwambia muuguzi kwamba moyo unamuuma, hasa usiku, nami niliyekuwa nimeketi kando yake nikaifasiri kauli hiyo kwa Kiingereza neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Muuguzi hakupoteza muda. Mama akalazwa chali, akabandikwa nyaya kifuani, mapigo yakachorwa kwenye karatasi na kuonekana mazima. Akapewa rufaa kwa daktari wa moyo, akavalishwa kwa siku kadhaa kifaa cha kurekodi mapigo, akatolewa damu mara tatu, akashauriwa apunguze chumvi. Ilipita miezi mitano kabla ya mtu yeyote kumwuliza kama moyo anaousema ni ule wa nyama, au ni ule ambao sisi sote wenye Kiswahili huutaja tunapofiwa. Mtu wa kwanza aliyepaswa kulishtukia jambo hilo nilikuwa mimi, na sikulishtukia. (Nimebadilisha mambo kadhaa katika habari hii ili mama huyo asitambulike.)

Nilikulia Kasulu, si mbali na Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika, kwa hiyo Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa nilikizoea sokoni tangu nikiwa mtoto. Sasa ninaishi Kentucky, nikifanya ukalimani wa hospitali, siku nyingine ana kwa ana na siku nyingine kwa simu. Kazi haikosekani: katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na karibu 20,000 kati yao walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi kuliko waliotoka nchi nyingine yoyote. Watu hao walipanda ndege wakiwa Wabembe, Wafulero na Wanyamulenge, wakashuka wakiwa weusi wa Marekani, na kurithi siku hiyo hiyo shida zote ambazo watu weusi wa nchi hii wamekuwa nazo na hospitali zake.

Shida hizo zimeandikwa sana. Mwaka 2001 David Satcher, aliyekuwa Daktari Mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa ripoti kuhusu afya ya akili, utamaduni na rangi, iliyosema bila kuzunguka kwamba watu wa jamii za wachache hawaifikii huduma hiyo kwa urahisi kama Wazungu, na kwamba hata wakiifikia, mara nyingi hupewa iliyo duni. Mwaka 2016 mtafiti Heather Kugelmass alichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa simu: waigizaji waliwaachia wanasaikolojia 320 wa New York ujumbe wa sauti wakiomba miadi, maelezo yao yakiwa yanafanana ila lafudhi na jina vikiashiria rangi na tabaka. Waliosikika kuwa Wazungu wa tabaka la kati walipewa miadi kwa asilimia 28, weusi wa tabaka hilo hilo asilimia 17, na wenye lafudhi ya watu wa kazi za mikono, weusi kwa weupe, asilimia 8. Wote hao walizungumza Kiingereza. Mama wa Fizi hawezi hata kuuacha ujumbe wenyewe.

Tuseme basi kwamba mlango umefunguliwa: miadi imepatikana, bima bado iko hai, basi limekuja kwa wakati, msimamizi wa kiwanda amekubali kumpa ruhusa mtu wa zamu ya usiku. Hapo ndipo kazi yangu huanza, na hapo ndipo nimeona watu wengi wakipotea huku kila mtu chumbani akiamini kwamba wamehudumiwa.

Neno la kwanza linalopoteza watu ni "akili". Kwa msomaji wa magazeti ya Dar es Salaam, "afya ya akili" imeshakuwa istilahi ya kawaida. Kwa mtu aliyetoka Uvira au Baraka, akili ni werevu, na mgonjwa wa akili ni yule anayeokota makaratasi barabarani. Nasi Watanzania tusijione mbali sana, maana ni juzi tu tulipokuwa tukitaniana kwa kupelekana Mirembe, kama Wakenya wanavyotaniana kwa Mathari, zote mbili hospitali za wagonjwa wa akili. Daktari akisema kwa upole kwamba angependa mgonjwa aonane na mtaalamu wa afya ya akili, nami nikalitamka hivyo hivyo kwa Kiswahili sanifu, uso wa mgonjwa hufungwa. "Mtoto yangu," mama mmoja aliniambia, akinitazama mimi badala ya daktari, "mimi siko mwenda wazimu. Mimi niko na mawazo tu." Kwenye faili iliandikwa kwamba mgonjwa amekataa huduma.

Laiti aliyeandika angejua kwamba mgonjwa alikuwa ametoka kuueleza ugonjwa wake. "Mawazo" katika Kiswahili chao, na kwa kiasi kikubwa katika chetu pia, si fikra zinazopita kichwani. Mtu mwenye mawazo hapati usingizi, hali chakula, anakaa na watu lakini hayupo. Wale wanaotafuta neno la kisasa huandika "sonona", na sina ugomvi nalo, ila katika miaka yangu yote ya kazi hii sijamsikia mgonjwa hata mmoja akisema ana sonona. Wanasema mawazo ni mengi, moyo unauma, kichwa kinawaka moto, usingizi umekimbia, roho haina amani. Kila kauli kati ya hizo, ikifasiriwa neno kwa neno, ina idara yake hospitalini, na hakuna hata moja inayoelekea kwa mtu wa kusikiliza.

Kisha zipo hojaji. Inayotumika zaidi ina maswali tisa na huuliza ni mara ngapi, katika wiki mbili zilizopita, umesumbuliwa na jambo fulani: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Swali lake la kwanza linahusu kutovutiwa na mambo wala kuyafurahia. Nimemwuliza swali hilo mwanamke anayeosha trei kiwandani kuanzia saa nne za usiku hadi alfajiri, kisha anawaandaa watoto wanne kwenda shule, naye akanitazama kwa mshangao wa kweli: "Kufurahia? Kazi ni kazi." Nikalirudisha jibu lake kama lilivyo. Muuguzi akaniuliza hiyo ni namba ngapi. Swali la tisa, lile la kuwaza kwamba afadhali mtu angekufa, hujibiwa kwa kasi kuliko yote: "Hapana, kwa jina la Yesu." Jibu hilo laweza kuwa kweli tupu. Laweza pia kuwa jibu la mtu aliyefundishwa kanisani kwamba kukiri jambo hilo kwa mdomo ni kulikaribisha, na anayejua kwamba mkalimani huenda akawa anasali kanisa moja na dada yake.

Ipo hojaji nyingine, ya maswali 15, iliyotengenezwa huko Seattle mahususi kwa ajili ya wakimbizi. Hiyo naipenda zaidi kwa sababu imejaribu kumwondolea mtu hesabu: badala ya kutaja siku, anaonyeshwa picha za vyombo, cha kwanza kitupu na vinavyofuata vikizidi kujaa hadi cha mwisho kilichojaa pomoni, kisha anagusa kinacholingana na hali yake. Mama wa Fizi alipofikishwa kwenye picha hizo, mwezi wa sita baada ya kile kipimo cha moyo, alizitazama kwa muda, akaniuliza, "Kwa nini hapa hakuna ile yenye inamwangika?" Nikamfasiria muuguzi. Muuguzi akaweka kalamu chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu mama yule, mtu wa hospitali akamwuliza ni kitu gani kinamwagika. Mazungumzo yaliyofuata si yangu kuyasimulia.

Swali ninaloliogopa kuliko yote ni lile la sauti: je, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Katika Kiswahili sisi husikia njaa, husikia baridi, husikia uchungu. Mtoto mtiifu husikia, na mwombaji husikia neno la Mungu. Mzee wa kanisa akiulizwa kama anasikia sauti, atajibu ndiyo kwa fahari, na atashangaa ikiwa mwulizaji hazisikii. Hili si jambo la kuchekesha katika nchi ambayo tafiti za miongo kadhaa zimeonyesha kwamba watu weusi hubandikwa jina la skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili ambao kusikia sauti ni dalili yake mojawapo, mara nyingi zaidi kuliko Wazungu, na kwamba dalili za huzuni kubwa zikiwa ndani ya mtu mweusi hupitwa kirahisi. Nimewahi kuomba, kwa utaratibu unaoruhusiwa, daktari aulize sauti hiyo inasema nini na huja wakati gani. Mzee akajibu kwamba huja wakati wa maombi na humwambia asimame imara. Daktari akacheka kidogo, akaendelea. Ningenyamaza sijui faili lingesomekaje leo.

Hata mkalimani mwenyewe huwa kizuizi. Hufika wakati simu inaita, ninajitambulisha kwa namba kama kanuni inavyotaka, na sauti ya upande wa pili haijibu swali la daktari bali inaniuliza, "Wewe ni mtu wa wapi?" Swali hilo si la udadisi. Mnyamulenge aliyepoteza ndugu Gatumba, ile kambi ya mpakani Burundi ambako wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa usiku mmoja wa Agosti 2004, ana sababu ya kusikiliza lafudhi yangu, ajue mimi ni wa kabila gani, kabla ya kufungua kinywa. Kanuni zinanikataza kuzungumza habari zangu. Yeye naye hawezi kumwaga mambo ya namna hiyo kwa namba. Tukikwama hapo, dakika za miadi zinakwisha, na kwenye takwimu tunahesabiwa kuwa huduma ya lugha imetolewa.

Sheria, kwa haki yake, ipo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kubagua watu kwa asili yao ya taifa mahali popote penye fedha ya serikali kuu, na mahakama zimeelewa kwamba lugha imo humo. Sheria ya bima ya afya ya 2010 inadai mkalimani mwenye sifa, na kanuni zake zinakataza kumtumia mtoto wa mgonjwa isipokuwa kwa dharura. Machi 2025 amri ya rais iliyokifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ilifuta amri ya mwaka 2000 kuhusu huduma za lugha, ingawa sheria zenyewe hazikuguswa. Mwaka huo huo bima maalumu ya wakimbizi wasiostahili ile ya kawaida ilipunguzwa kutoka miezi 12 hadi minne. Mtu anayehitaji mwezi mzima kuuamini uso wa daktari anabakiwa na mitatu. Tena mwanasaikolojia mwenye ofisi yake ndogo, katika majimbo mengi, hulipa mkalimani kutoka mfukoni mwake, na ndiyo maana nikipiga simu kwa niaba ya familia huambiwa kwa adabu kwamba nafasi zimejaa.

Nikichoka huwa nawakumbuka Wazimbabwe. Kwa Kishona lipo neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo ni ndugu wa damu wa mawazo yetu. Watafiti wa kule walitunga maswali 14 kutokana na maneno ambayo wagonjwa wenyewe waliyatumia, na baadaye daktari Dixon Chibanda akawakalisha akina bibi waliopewa mafunzo kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Walianza na neno la watu, kisha wakatafuta namba. Sisi huku tunaanza na namba.

Siku hizi, kabla ya miadi ya aina hii, ninaomba dakika mbili na mtaalamu pasipo mgonjwa, ili nimweleze kwamba kuna maneno matatu au manne ambayo nikiyapeleka peke yake yatampoteza. Wengi hukataa kwa sababu ya muda; mmoja alinionyesha saa yake. Wiki iliyopita mwanamama mmoja, mgeni katika kituo chake, alikubali na akatoa daftari. Tulitumia dakika saba kwa neno "moyo" peke yake, na miadi yenyewe ilikuwa ya dakika ishirini.