Sifuri Ndiyo Siku Njema

Kushuka nilikujua vizuri. Sonona haijifichi: mwili unakuwa mzito, kuoga kwenyewe ni kazi ya nusu siku, na simu ikiita unaigeuza kifudifudi. Kupanda ndiko kulikonidanganya kwa miaka yote niliyoishi na baipola, ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi na kushuka. Ukiwa unapanda huoni ugonjwa wowote. Unaona umepona.

Kila nikienda kliniki daktari aliniuliza nimekuwaje tangu tuonane, nami namjibu kwa hali niliyoamka nayo. Nikiamka vibaya, basi miezi miwili yote ilikuwa mibaya. Akachoka na majibu hayo, akaniambia niwe naandika kila siku. Daftari nililijaza siku kumi na moja, likapotea. Nikahamia kwenye simu, kwa sababu simu siachani nayo hata nikitaka.

Programu ya kwanza niliyopakua ilikuwa na nyuso: wa kulia upande mmoja, wa kucheka upande wa pili, na ukichagua wa kucheka unapongezwa. Labda inamfaa mtu mwingine. Mimi nilipongezwa wiki tatu mfululizo, na kufikia mwisho wa wiki hizo nilikuwa nimekopa pesa za kuanzisha biashara mbili nisizozijua hata kidogo. Nikaifuta.

Safari ya pili tulikaa watatu, mimi, daktari na mdogo wangu wa kike ninayeishi naye. Tukachagua programu nyingine yenye kipimo cha kuanzia -3 hadi +3, sifuri ikiwa katikati, na sifuri ndiyo tunayoitafuta. Kisha tukaandika kila namba inafananaje kwangu mimi. +1: naongea haraka lakini bado naweza kumsubiri mwenzangu amalize. +2: nakatiza watu, nalala kidogo na sichoki, kila wazo ni la dhahabu. -2: sijibu ujumbe, sili mpaka niambiwe. Kazi hii ilichukua kliniki nzima, na naiona ina thamani kuliko programu yenyewe. Saa tatu usiku kengele inalia, najaza namba ya siku, saa nilizolala, dawa nimekunywa au la, na neno moja tu. Haichukui hata dakika moja.

Mwezi wa nne tangu nianze kujaza, tukaufungua mchoro unaotokana na namba hizo. Mstari wa usingizi ulikuwa unaporomoka siku mbili au tatu kabla ya mstari wa hisia kuanza kupanda. Daktari hakushangaa, usingizi kupungua bila mtu kuchoka ni dalili ya mapema inayofahamika. Mimi ndiye niliyeshangaa. Mara nyingine mstari wa hisia haukupanda kabisa: nilijipa sifuri, huku simu ikionyesha nimetuma ujumbe zaidi ya mia usiku mmoja, wa mwisho saa tisa alfajiri. Ndiyo shida ya kumwuliza mlevi kama amelewa.

Tangu hapo ushahidi wa simu naupa uzito kuliko namba yangu. Nilikuja kusoma kwamba watafiti nao wamepita njia hiyo: Denmark walifuatilia simu na ujumbe wa wagonjwa, Michigan wakasikiliza sauti zao wanapoongea kwenye simu, Chicago wakaangalia jinsi vidole vinavyochapa. Mimi natazama tu skrini imewaka mpaka saa ngapi usiku. Kufuatilia mahali nilipo nimekuzima. Hilo halimhusu mtu.

Tulikubaliana hivi: nikilala chini ya masaa matano siku mbili mfululizo na sijachoka, nampigia daktari, na kadi ya benki naikabidhi kwa mdogo wangu. Dozi sibadilishi mwenyewe, hata mchoro useme nini.

Kuna upande mbaya ambao sikuambiwa. Nikiwa chini, kujaza -2, -2, -2 kila usiku kulinizamisha zaidi. Nilikuwa naihesabu huzuni yangu kama deni. Jaribio la Denmark lililochapishwa mwaka 2015, lenye wagonjwa 78, halikuona tofauti kubwa kati ya waliojipima kwa simu na wasiojipima, tena dalili za sonona zilielekea kudumu zaidi kwa waliojipima. Niliposoma hayo nilipumua, kumbe si mimi tu. Sasa nikishuka mchoro unafichwa. Najaza usingizi na dawa basi, na mdogo wangu ndiye anayeutazama.

Mwezi uliopita nilikuwa napanga jikoni upya usiku, naimba.

"Kaka, jana ulilala masaa mangapi?"

"Nimelala vizuri tu."

"Nionyeshe simu."

Masaa matatu na nusu. Juzi yake, manne. Nilikasirika, nikamwambia ananichunga kama mtoto, na mengine ambayo nimeshamwomba radhi. Hakujibu. Alinyoosha mkono tu, na mwisho nikampa kadi. Kengele ilipolia nikajaza +1. Akachungulia begani kwangu akasema hiyo ni +2. Nikaifuta, nikaandika +2, na kulipokucha nikampigia daktari.