Kabla ya Kuandika Barua ya Kuacha Kazi

Miaka sita iliyopita niliacha kazi kwa hasira. Nilikuwa mhasibu, na baada ya kufunga hesabu za mwezi hadi usiku wa manane kwa siku tatu mfululizo, asubuhi ya siku ya nne niliandika barua ya kuacha kazi, nikajiunga na kampuni iliyokuwa ikitafuta meneja wa fedha. Cheo kilikuwa kikubwa zaidi na mshahara ulipanda kwa robo nzima. Hata kabla mwezi wa kwanza haujaisha, niligundua kwamba kazi ilikuwa ileile niliyoikimbia, tofauti yake ni kwamba sasa niliifanya bila msaidizi. Niliruka majivu nikakanyaga moto, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi, kwa kuwa sikuuliza swali hata moja la maana kabla ya kutia saini mkataba.

Kwa hiyo mwaka jana, wazo la kubadili kazi liliponirudia, nilijipa miezi mitano ya kuchunguza nikiwa bado naingia ofisini kila siku. Jambo la kwanza nililofanya halikuhusu kazi mpya hata kidogo. Kwa wiki nne, kila jioni niliandika kwenye daftari shughuli iliyonichosha zaidi siku hiyo na ile iliyonifanya nisahau kutazama saa. Nilitarajia kuona kwamba nimechoshwa na uhasibu. Daftari lilisema jambo jingine: hesabu zenyewe hazikuwa tatizo, kilichonimaliza ni kudai risiti na viambatisho kutoka kwa watu ambao hawakuona kwa nini wanasumbuliwa. Saa zilizopita upesi zilikuwa zile nilizokaa na mkuu wa idara asiyejua uhasibu, nikimweleza kwa nini faida imeonekana kwenye vitabu ilhali benki hakuna fedha.

Kutokana na hayo nilibaki na njia tatu za kuzichunguza: uchambuzi wa data, ukaguzi wa ndani, na ukufunzi wa masomo ya uhasibu.

Nilijaribu pia yale majaribio ya haiba yanayodai kumwambia mtu kazi inayomfaa, lakini sikuyapa uzito mkubwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia ambayo kila mmoja aliamini yameandikwa kwa ajili yake peke yake, nao wakayapa wastani wa zaidi ya alama 4 kati ya 5 kwa usahihi, kumbe wote walikuwa wamepewa maandishi yaleyale. Nilipata faida zaidi katika O*NET, hifadhidata ya bure inayodhaminiwa na Wizara ya Kazi ya Marekani, ambayo inaeleza majukumu ya kazi zaidi ya 900. Takwimu zake za mishahara ni za Marekani na hazimfai asiyeishi huko, ila maelezo ya kile ambacho mtu wa kazi fulani hukifanya yanasaidia popote. Niliyalinganisha na matangazo ya kazi 30 kwa kila njia, nikipigia mstari vitenzi badala ya vyeo. Vitenzi havifichi kitu. Niligundua kwamba cheo cha mchambuzi wa data kinaweza kumhusu mtu anayejenga mifumo ya kutabiri mauzo, na kinaweza pia kumhusu mtu anayenakili takwimu kutoka lahajedwali moja kwenda nyingine.

Lakini kilichonifungua macho kabisa ni mazungumzo na watu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba, miongoni mwa watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, wengi walisaidiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara chache, wala si rafiki wa karibu. Sababu yake inaeleweka: marafiki wa karibu huzungukia mahali palepale unapozungukia wewe, kwa hiyo wanayoyajua mara nyingi unayajua tayari. Niliwaandikia watu niliosoma nao zamani, mkaguzi aliyewahi kupitia vitabu vyetu, na jamaa wa mwenzangu wa kazini. Tisa walikubali kuzungumza nami, kila mmoja kwa nusu saa. Sikuwaomba kazi, na nililisema hilo mwanzoni ili wasijisikie wametegwa.

Swali langu kuu lilikuwa moja: Jumanne iliyopita ulifanya nini, tangu ulipofika kazini hadi ulipoondoka? Ukimuuliza mtu kama anaipenda kazi yake, atakujibu kwa heshima na hutajifunza kitu. Ukimuuliza kuhusu Jumanne, atalazimika kukumbuka. Mchambuzi mmoja wa data aliniambia kwamba kati ya saa nane, tano alizitumia kurekebisha tarehe zilizoandikwa kwa mitindo tofauti, kuunganisha majina yaliyorudiwa, na kuandikia idara nyingine barua pepe za kuomba takwimu zisizoletwa. Nilicheka peke yangu nilipokata simu, maana ile ilikuwa kazi yangu ya kudai risiti, imevaa nguo mpya. Ningeliona tangazo lake tu, ningelituma maombi siku hiyohiyo.

Niliwatafuta pia watu wawili walioacha ukufunzi, kwa sababu waliobaki kazini wana sababu ya kuutetea uamuzi wao. Wote wawili walitaja jambo ambalo mkufunzi aliyeko kazini hakuligusa: malipo huhesabiwa kwa saa za darasani, wakati maandalizi na kusahihisha ni juu yako. Basi nilifanya hesabu kwa uaminifu, nikagawa kipato cha mwezi kwa saa zote za kweli pamoja na za safari, nikatoa bima na mchango wa pensheni ambao mwajiri wangu alinilipia. Kwenye karatasi mshahara ulikuwa pungufu kwa moja ya tano. Kwa hesabu ya saa, pengo lilikaribia theluthi.

Ilinibidi nijue kama kazi hiyo inastahili pengo hilo. Nilijitolea kufundisha kikundi cha watu wanaojiandaa kwa mitihani ya uhasibu, Jumamosi sita. Saa moja ya darasa ilinigharimu karibu saa tatu za maandalizi, na Jumamosi ya nne nilifundisha vibaya kiasi kwamba ilinibidi kulirudia somo zima la uchakavu wa mali wiki iliyofuata. Hata hivyo daftari langu halikuandika uchovu.

Wakati wa kupima ulipofika, nilikumbuka barua ambayo Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia rafiki yake Joseph Priestley, mchungaji na mwanasayansi Mwingereza, mwezi Septemba 1772, Priestley alipokuwa akisita kuacha uchungaji ili aajiriwe na Lord Shelburne, mwanasiasa wa Uingereza. Franklin alikataa kumwambia achague nini. Alimweleza jinsi ya kuchagua: gawanya karatasi kwa mstari, andika sababu za kukubali upande mmoja na za kukataa upande wa pili kwa siku tatu au nne, kisha futa zile zinazolingana uzito. Priestley aliikubali kazi ile, na ni akiwa katika ajira hiyo, mwaka 1774, ndipo alipoitenga hewa tunayoiita leo oksijeni.

Mimi nilitengeneza jedwali la alama, na hapo nilijikamata nikidanganya. Kila ukaguzi wa ndani ulipoongoza, nilirudi kuongeza uzito wa kipengele cha kufurahia kazi, mpaka ukufunzi ukapanda juu. Nilifanya hivyo mara tatu. Jedwali halikuamua chochote, ila lilinionyesha kwamba nimeshaamua, na kwamba kilichobaki ni kujua kama ninaweza kumudu gharama yake.

Nina akiba ya matumizi ya miezi saba, na muda wa majaribio katika chuo kilichonikubali ni miezi mitatu. Kabla ya kutia saini niliomba kushinda pale siku moja nikitazama tu, nao wakaniruhusu. Nilichagua Jumanne.