Feni zinazunguka, skrini giza

Jana usiku nimemaliza kuunga kompyuta yangu mwenyewe. Nawasha: feni zinazunguka, skrini giza totoro, na kwenye bodi kuu (motherboard) kijitaa cha njano kando ya neno DRAM, yaani tatizo liko kwenye RAM, kinanikodolea macho. Nikachomoa RAM (vile vijiti vya kumbukumbu), nikazifuta meno, nikarudisha. Wapi! Saa saba usiku ndipo nikafungua kijitabu cha bodi (nilikuwa nimekitupa pamoja na boksi, msinicheke): RAM zikiwa mbili, zikae tundu la pili na la nne kuhesabu toka kwenye prosesa. Mimi nilizibananisha la kwanza na la pili. Nikahamisha, nikakandamiza hadi “ta!” Bado giza. Nikaenda kuchemsha chai, maana RAM za aina ya DDR5 kama zangu mara ya kwanza hujipima dakika kadhaa. Narudi na kikombe, BIOS (ukurasa wa mipangilio ya kompyuta) hiyo hapo: RAM GB 32.