Niliachwa na ndege Frankfurt nikiwa na tiketi mkononi, nikaidai hela yangu nikiwa Kirumba mpaka nikalipwa

Habari zenu ndugu zangu. Wiki iliyopita mama mmoja tunayeuza nae hapa Mwaloni, soko la dagaa la Kirumba Mwanza, kanisimulia mwanae alikuwa anarudi toka Ulaya, kafika uwanjani kaambiwa ndege imejaa asubiri keshokutwa, wakampa vocha akasaini akashukuru kabisa. Roho iliniuma sana. Mimi yalinikuta hayo hayo mwaka 2024, mpaka kupata changu ilipita miezi saba, na ningekuwa nimesaini kile kikaratasi kama yule kijana nisingepata hata senti, kwa hiyo nimeona niandike yote nilivyofanya maana watu wetu wanasafiri siku hizi na hakuna anayewaambia.

Mimi nafanya biashara ya dagaa hapa Kirumba Mwaloni, mzigo wangu mwingi unaenda Kongo na Burundi. Mdogo wangu wa kike ni nesi Ujerumani upande wa Kassel, alijifungua mtoto wa kwanza nikaenda kumsaidia uzazi. Viza walinipa siku 90, na zile siku wanahesabu mpaka ile unayoingia na ile unayotoka, hilo mlishike kichwani. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa siku ya 89. Na huku nyumbani giza lilikuwa linakaribia, kwa wasiojua dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, sasa giza likianza ndo mzigo unashuka na hela ndo inatakiwa iwepo mkononi, nikikosekana pale siku za mwanzo nimepoteza mwezi mzima.

Frankfurt nilifika masaa matatu kabla. Kaunta wakachukua begi, wakanipa bodingi pasi, ile kadi ya kupandia ndege, kuangalia haina namba ya siti. Nikauliza, yule dada akasema siti utapewa getini. Nikaona ni kawaida. Jamani sio kawaida, ukiona hivyo ujue uko kwenye hatari. Mashirika ya ndege yanauza tiketi kuzidi siti zilizopo makusudi kabisa, kwa sababu kila safari kuna watu hawatokei, sasa wanapiga hesabu kwamba hawa wasiotokea watafidia. Siku ambayo wote wametokea lazima kuna watu wanabaki, na mara nyingi anayebaki ni yule anayesafiri peke yake, tiketi ya bei ya chini, hana kadi ya uanachama wa shirika, na hakufanya chekini mapema mtandaoni. Mimi nilikuwa vyote hivyo kwa pamoja. Sikusikia hata tangazo la kuomba watu wajitolee kubaki, na baadae nikaja kujua kwamba sheria inawataka waanze na hilo, watangaze kwanza nani yuko tayari kubaki kwa makubaliano, wakikosa watu wa kutosha ndo waanze kukatalia watu.

Tulibaki watatu getini. Mimi, mzee mmoja wa Kijerumani na kijana wa Kikongo mtu wa Goma ambaye tuliongea Kiswahili. Ndege tunaiona pale nje kupitia kioo. Akaja mama mmoja wa shirika na karatasi, anaongea kwa upole sana, pole kwa usumbufu, tutawapeleka hoteli, ndege yetu nyingine ni keshokutwa, na kila mmoja tunampa vocha ya euro 300 ya kununulia tiketi ndani ya mwaka mmoja, weka saini hapa. Yule kijana akaniambia mama miye nasaini tu, nimechoka, nataka nifike kwetu. Akasaini.

Mimi nikampigia mdogo wangu. Alikuwa ndo kwanza anarudi nyumbani na mtoto mgongoni, akapiga kelele kwenye simu, "Dada usisaini kitu! Dada sikiliza, usisaini chochote, nisomee kilichoandikwa." Nikamsomea kwa Kiingereza changu, kufika katikati kuna neno volunteer. Akasema basi hapo hapo, wanataka uonekane umejitolea kubaki mwenyewe kwa hiari yako. Ukijitolea unapata kile mlichokubaliana tu, fidia ya kisheria imekufa. Ukikataliwa bila hiari yako ndo sheria inakulinda. Yaani watu wawili wameachwa na ndege moja, geti moja, mmoja ana haki ya euro 600 mwingine ana kikaratasi, na kilichowatofautisha ni saini.

Nikarudisha ile fomu nikasema sijitolei, naomba mniandikie kwamba mmenikatalia kupanda. Yule mama akabadilika kidogo, akasema hatuna fomu hiyo. Mdogo wangu alikuwa bado hewani nimeweka spika, akamwambia kwa Kijerumani kuwa sheria inawataka wampe abiria aliyekataliwa maelezo ya haki zake kwa maandishi. Akaenda ndani akakaa kama dakika ishirini, akarudi na karatasi ya kurasa mbili ya haki za abiria, na juu ya bodingi pasi yangu akaandika kwa kalamu denied boarding, involuntary, yaani nimekataliwa kupanda bila hiari yangu, akagonga muhuri. Hayo maneno ndo yaliyonilipa. Nikapiga picha pale pale, nikapiga picha ubao wenye namba ya ndege na saa, nikaituma kwa mdogo wangu hata kabla sijatoka getini.

Sasa ikaja ishu ya viza ambayo ndo ilinipa presha kuliko hela. Ndege yao ni keshokutwa, keshokutwa kwangu ni siku ya 91, nimeshapitiliza. Wenzetu wenye pasi za huko hawalifikirii hili kabisa, ila Mtanzania ukizidisha siku hata moja unaweza kuja kunyimwa viza ijayo. Nikamwambia yule mama mimi siwezi kuondoka keshokutwa, natakiwa kuondoka kesho. Akasema hatuna ndege kesho. Mdogo wangu akasema dada wewe sisitiza, waambie wakutafutie hata kwa shirika lingine, maana sheria inasema wakupeleke mwisho wa safari yako kwa nafasi ya mapema iwezekanavyo, haisemi lazima iwe ndege yao. Tulibishana nao kistaarabu karibu saa nzima. Mwisho wakanipa siti ya kesho jioni kwa shirika lingine kabisa, mpaka Dar.

Kwenda hotelini nako kulikuwa na kazi kwa sababu uhamiaji walishanigongea muhuri wa kutoka. Mtu wa shirika akanisindikiza mpaka kwa polisi wa mpakani, nikaeleza, nikaonyesha ile bodingi pasi yenye maandishi, wakaufuta ule muhuri wa kutoka kwa kuuchora msalaba, kesho yake nikagongewa mwingine. Hakikisha hilo linafanyika, usije ukatoka uwanjani hivi hivi kumbukumbu zao zikionyesha umeshaondoka. Hoteli, chakula, na usafiri wa kwenda na kurudi uwanjani ni juu yao. Niliponunua mkate na chai kabla hawajanipa kuponi nikatunza risiti, na walikuja kurudisha.

Dar nimefika, tiketi yangu ya Dar Mwanza imeshakufa maana niliikata peke yake kwa shirika lingine la ndani. Nikanunua upya 310,000. Tangu hapo naambia watu, kama inawezekana kata safari nzima kwenye tiketi moja mpaka Mwanza, ukichelewa hilo ni tatizo la aliyekuuzia.

Nimefika nyumbani giza limeingia siku moja, namshukuru Mungu niliwahi mzigo. Nikamuita mtoto wa jirani anasoma sheria chuo cha SAUT pale Malimbe, nikamwambia mwanangu nisaidie tusome hii karatasi. Tukakaa barazani siku mbili jioni tunasoma. Ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004. Fidia inaenda kwa umbali, safari isiyozidi kilomita 1,500 ni euro 250, ya katikati euro 400, inayozidi kilomita 3,500 euro 600. Frankfurt mpaka Dar ni karibu kilomita elfu 7, kwa hiyo hatukuwa na haja ya kubishana. Wanaweza kuikata nusu kama wamekufikisha kwa ndege nyingine bila kuzidi masaa manne ya kuchelewa kwa safari ndefu kama hiyo, mimi nilichelewa siku nzima. Na haiangalii uraia wako wala bei ya tiketi uliyolipa. Hilo lilinigusa sana, mtoto akasoma mara mbili, abiria ni abiria.

Barua yetu ilikuwa ukurasa mmoja tu. Jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya tiketi na ya ndege, tarehe, kilichotokea kwa mistari mitano, kiasi ninachodai, kifungu, na siku 14 za kujibu. Hatukuweka maneno ya hasira. Tukaituma kwa fomu ya malalamiko ya tovuti yao na kwa imeili pia, kila kitu nikapiga skrinishoti.

Wiki tano kimya. Wakajibu, wanasikitika, wanatoa vocha ya euro 400. Tukawajibu kifungu cha 7 kinasema fidia ni pesa taslimu au benki au hundi, vocha mpaka abiria akubali kwa saini na mimi sijakubali. Wakarudi, eti shirika lao sio la Ulaya kwa hiyo sheria haiwahusu. Hapa wengi ndo wanakata tamaa, ila soma kifungu cha 3, abiria anayeondoka kwenye uwanja ulioko ndani ya Umoja wa Ulaya analindwa, ndege iwe ya shirika la nchi yoyote. Ni ukija ukitokea huku kwetu kwenda Ulaya ndo wanaangalia shirika, lazima liwe la Ulaya. Kwa hiyo ungeachwa Dar na shirika la Uarabuni hii sheria haikusaidii, ungeachwa Dar na shirika la Ulaya ukielekea Ulaya inakusaidia. Uingereza walipotoka kwenye Umoja walibaki na sheria ya kufanana na hiyo, kwa safari ndefu kama yangu kwao ni pauni 520.

Jibu la tatu likasema kulikuwa na hali isiyo ya kawaida. Yule mtoto wa jirani alicheka kwa furaha, alikuwa ameshajiandaa. Hiyo kinga ipo kwa ndege iliyofutwa, tuseme dhoruba, haipo kwa abiria aliyekatazwa kupanda, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishalisema hilo mwaka 2012. Tukawaandikia hivyo. Hawakujibu tena.

Kuna watu waliniambia nitumie zile kampuni za mtandaoni zinazodai kwa niaba yako. Sisemi ni mbaya, ukiwa huna mtu wa kukusaidia ni afadhali kuliko kuacha, ila wanakata robo na wengine wanazidi theluthi ya hela yako, na kazi wanayofanya ni hii hii ya barua. Mimi nilikataa. Ujerumani kuna chombo cha usuluhishi wa mambo ya safari kipo Berlin, abiria halipi kitu, sharti uwe umeshaliandikia shirika na miezi miwili imepita. Kuna mamlaka yao ya anga pia inapokea malalamiko, ila yenyewe inabana shirika lifuate sheria, hela yako haikudaii. Mdogo wangu akajaza fomu ya Berlin akaambatanisha picha zote. Kama wiki sita hivi shirika likaandika lenyewe kwamba litalipa euro 600 zote.

Nikadhani yameisha. Wakataka namba ya IBAN, ile namba ndefu ya akaunti wanayotumia benki za Ulaya. Tanzania benki zetu hazina IBAN, tunatumia namba ya akaunti na SWIFT code, ile alama ya kutambulisha benki, na fomu yao haikubali kwenda mbele bila IBAN. Wiki tatu tumeandikiana hilo tu. Usiwape akaunti ya mtu usiyemjua vizuri kwa ajili ya hilo, omba wakutumie fomu ya malipo ya nje, ipo. Ile 310,000 ya tiketi ya Mwanza walikataa, na mtoto wa jirani akanionyesha kifungu cha 12, hasara nyingine unaruhusiwa kudai ila fidia uliyopata inaweza kukatwa humo, basi nikaacha.

Meseji ya benki iliingia asubuhi nikiwa Mwaloni tunapima magunia. Makato ya benki za njiani yalikula kidogo ikafika 578, kwa shilingi ni zaidi ya milioni moja na nusu. Nilikaa juu ya gunia nikalia, sio kwa sababu ya hela peke yake. Mtoto wa jirani nikamlipia ada iliyokuwa imebaki, nyingine nikanunua taa za sola za mitumbwi miwili.

Yule kijana wa Goma tulibadilishana namba kule getini. Nikamtumia barua yangu yote aone kama ataweza kufanya kitu, lakini saini yake ipo pale kwenye fomu na vocha yake ilishaisha muda bila kuitumia. Mdogo wangu anakuja na mtoto mwezi wa 12, nimeshamwambia afanye chekini mtandaoni mapema na achague siti, na ile karatasi ya kurasa mbili aliyonipa yule mama getini nimeipiga picha nikamtumia, amesema ataiprinti aiweke ndani ya pasipoti.