Fremu Zilizoezeka Jumba la Sinema

Kazi niliyopewa ilikuwa ya kuchora fremu. Mimi ni mchora ramani hapa Tabora mjini: nyumba za vyumba vitatu na sebule, uzio, stoo za mazao, mara chache kanisa au msikiti mdogo. Mwenye jengo anaishi Dar es Salaam siku nyingi, akamtuma mpwa wake na maagizo mafupi. Ukuta wa mbele uvunjwe, sakafu isawazishwe, zipangwe fremu za maduka zinazotazama barabara, halafu mchoro upelekwe manispaa kuombewa kibali. Jengo lenyewe ni jumba la sinema la zamani. Jina silitaji kwa kuwa wenyewe wameniomba, na mtu wa Tabora mwenye mvi za kutosha atalijua bila kutajiwa.

Leo ukuta wa mbele upo, sakafu ipo, paa halivuji, na fremu zipo vilevile. Watu wananiuliza nilipita ofisi gani. Wengi wanadhani kuna barua ya waziri mahali.

Hakuna. Barua niliifikiria, lakini nilisoma sheria kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyokuwepo kabla ya 1863. Lililojengwa baada ya hapo halina kinga mpaka waziri alitangaze. Jumba letu ni la baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa kipimo hicho bado linanyonya. Na hata likitangazwa, tangazo haliezeki bati. Nimeona vibao vya kumbukumbu vimesimama wima mbele ya kuta zilizolala.

Tabora hatuna uhaba wa historia. Kwihara kuna tembe alilokaa Livingstone tangu Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Kuna boma la Wajerumani. Kuna reli, iliyofika hapa 1912 na Kigoma miaka miwili baadaye. Kuna kumbukumbu ya mkutano wa TANU wa Januari 1958, uliokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpigakura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Yote yana haki ya kutunzwa. Ila ukitazama vizuri, tumekuwa hodari wa kutunza nyayo za wapita njia na za wakubwa, na wavivu kwa sehemu ambazo sisi wenyewe tulikaa Jumapili tukala karanga na kumzomea jambazi.

Nilimwambia mpwa kwamba sichori cha kubomoa kabla sijapima kilichopo. Ni kawaida ya kazi, ingawa safari hii sikuwa na haraka.

Ndani kulikuwa na magunia ya mahindi hadi karibu na pazia la kuonyeshea picha. Sakafu inateremka kutoka mlangoni kwenda kwenye pazia, ndiyo maana wapangaji wa stoo walikuwa wakilalamika magunia yanaporomoka. Ukumbi mzima hauna nguzo hata moja: kenchi za chuma zinavuka kutoka ukuta hadi ukuta. Hilo nililizungushia duara kwenye daftari. Pazia lilikuwa limechanika, na ukilisogelea unaona lina matundu madogo madogo kila mahali. Hayo si ya panya. Spika hukaa nyuma ya pazia, na bila matundu sauti ingekuja imezibwa.

Chumba cha mashine kiko juu, nyuma ya balkoni, upande wa barabara. Kuta zake ni nene kuliko za chumba kingine chochote humo, na vile vidirisha vya kutazamia ukumbini vina vifuniko vya chuma vinavyoning'inia. Mpwa alisema ni vya kuzuia wezi. Mzee mmoja wa Isevya, aliyewahi kuendesha mashine hizo, alicheka hadi akakohoa nilipomweleza.

“Wezi gani wapande huko? Ule ni moto, mwanangu.”

Mikanda ya zamani, iliyotumika duniani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi. Ikishika moto haizimiki hata ukiitosa majini, kwa sababu inajizalishia oksijeni yake. Kwa hiyo wajenzi walifanya chumba kama tanuri: moto ukizuka, vifuniko vinaanguka vyenyewe na watu ukumbini wanapata nafasi ya kutoka. Mikanda salama ilipokuja, mafundi waliendelea kujenga hivyohivyo kwa mazoea.

Nilirudi kwa mzee huyo zaidi ya ilivyohitajika kwa ramani. Alinieleza kwa nini mashine zilikuwa mbili. Mkanda wa milimita 35 unapita picha 24 kwa sekunde, na gurudumu la futi 2,000 linakwisha kwa dakika ishirini na ushei. Gurudumu moja linapokaribia mwisho, kidoa cheusi kinatokea kwenye kona ya juu kulia ya picha. Hapo unawasha injini ya mashine ya pili. Kidoa cha pili kikitokea, unabadilisha. Ukichelewa, watu wanaona weupe mtupu na wanaanza kupiga mbao za viti. Mwanga haukutoka kwenye balbu bali kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribiana vikirushiana cheche, na kazi yake kubwa ilikuwa kuvisogeza kadiri vinavyoungua. “Macho yangu haya,” alisema, akaachia hapo.

Mikanda ilikuja kwa treni. Reli ya Kati mvua zikiikata huko Kilosa, Tabora ilitazama picha ya wiki iliyopita, na watu walilipa tena bila kununa. Picha za Kihindi ndizo zilizojaza ukumbi. Raj Kapoor aliimbwa na watu wasiojua neno moja la Kihindi. Baadaye akaja Bruce Lee na vijana wakaanza kurukia miembe. Mama mmoja aliyekuwa akiuza kashata pale nje aliniambia kwamba Jumapili mchana ndiyo ilikuwa zamu ya familia, na kwamba yeye alijua kama picha ni nzuri kabla haijaisha: watu wakitoka wakati wa mapumziko bila kununua kitu, wamekasirika.

Kilichoua biashara kinajulikana. Kampuni ya filamu ya taifa, iliyoanzishwa 1968, ndiyo ikawa msambazaji, miaka ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika, vijiti vya kaboni na vipuri navyo vikaadimika, video zikaingia, mwaka 1994 televisheni ikaanza Bara. Watazamaji hawakupotea. Walihamia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, wakakaa kwenye mabenchi mabaya zaidi kwa bei nafuu zaidi. Kuhusu hati, sheria ya kutwaa majumba ya 1971 iliyagusa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kwa nini hili lilibaki mikononi mwa familia kila mzee ana hadithi yake. Mimi niliangalia karatasi, zilikuwa safi, nikaendelea.

Sasa mazungumzo na mwenye jengo. Nilimpigia mwenyewe, kwa ruhusa ya mpwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Ramani tayari?”

“Ipo mezani, mzee. Ila kuna namna mbili, na moja inakuingizia zaidi.”

“Sikiliza kijana. Mimi sitaki makumbusho. Nataka kodi.”

“Ndiyo hiyo kodi ninayoisema.”

Sikumtajia urithi wala historia. Nilimtumia michoro miwili na hesabu ya ukurasa mmoja. Mchoro wa kwanza ulikuwa alioutaka. Pembeni niliandika gharama yake halisi: mihimili ya balkoni na chumba cha mashine imelala juu ya ukuta wa mbele, kwa hiyo huo ukuta ukitolewa lazima uingize nguzo na mihimili mipya ya zege kabla hujapata hata duka moja. Nilimwomba injinia ninayefanya naye kazi apitie na kuweka sahihi, maana neno la mchora ramani peke yake halina uzito kwa mtu aliye Dar. Nikaongeza gharama ya kuvunja sakafu na kusomba kifusi.

Mchoro wa pili uliacha ukumbi ulivyo na kupeleka fremu pembeni, kwenye uchochoro mpana ambao zamani watu walipangia foleni ya tiketi. Uchochoro huo unatokea mtaa wa pili wenye watu wengi, na hakuna aliyewahi kuufikiria kwa kuwa ulikuwa umejaa vyuma chakavu. Fremu zina ukuta wake zenyewe; hazikuchimbwa kwenye ukuta wa jumba, na siku zikihitajika kuondolewa zitaondoka bila kuacha kidonda. Ukumbi wenyewe ukodishwe kwa sherehe. Hapa ndipo lile duara la kwenye daftari lilipofanya kazi: kumbi za harusi mjini kwetu zina nguzo katikati, na kila mama wa kamati anajua uchungu wa kuweka wageni nyuma ya nguzo.

Alikaa kimya siku kadhaa. Kisha akauliza swali moja tu: nani atalipa paa. Nikamjibu fremu zilipe. Wapangaji walipe kodi ya miezi sita mbele, kama desturi ilivyo, na fedha hiyo isiguswe na mtu mpaka bati likamilike. Alikubali kwa sharti kwamba mpwa ndiye atunze daftari.

Nawasikia watu wakilia kwamba fremu zinaua miji yetu. Mara nyingi ni kweli. Lakini hapa, bila fremu, jumba lingekuwa limeshalala. Ninachogombana nacho ni fremu kukaa mahali ambapo hazikupaswa kukaa, na hilo huamuliwa na mtu mwenye penseli kabla fundi hajashika nyundo.

Paa lilikuwa na maajabu yake. Kila mtu alisema mabati yamechoka. Tulipopanda tukakuta mabati mengi ni mazima. Uvujaji ulitoka kwenye gata ya zege iliyofichwa nyuma ya ule ukuta wa mbele wenye mapambo. Majani ya mwembe wa jirani yalikuwa yameijaza kwa miaka, maji yakakosa njia, yakajipenyeza kwenye ukuta na kushuka hadi kwenye mbao za balkoni. Mchwa wakafuata unyevu. Popo wakafuata giza. Umri haukuwa na kesi hapo. Tulizibua gata, tukaipaka lami, tukaongeza bomba la pili la kushusha maji, na tukamaliza kabla mvua za Novemba hazijaanza. Kama una jengo la zamani na una fedha ya kitu kimoja tu, panda juu uitazame gata.

Vibanda vya nyuma vimeezekwa kwa asbesto. Hizo hatukuzikata wala kuzitoboa, maana vumbi lake linadhuru mapafu, na fundi aliyekuja na grainda nilimshusha kwenye ngazi. Zisipovunjwa hazina ugomvi na mtu. Lipu ya ndani ilikuwa ya chokaa, na tuliirudishia kwa chokaa. Mafundi walinung'unika kwamba saruji ni ngumu zaidi. Ni ngumu, ndiyo, na ndiyo maana inafungia unyevu ndani ya ukuta laini wa zamani mpaka yenyewe inabanduka kama mabamba.

Sakafu ilinipa shida kuliko vyote, kwa sababu meza za harusi hazikai mteremkoni. Tumejenga majukwaa ya mbao, ngazi kwa ngazi, juu ya sakafu ya zamani bila kuitoboa. Watu wa kamati wamezoea: wazazi juu, marafiki katikati, wanaocheza chini. Kuna bibi harusi mmoja aliyeshuka ngazi zile akapigiwa vigelegele ambavyo asingevipata kwenye sakafu tambarare.

Viti vya mninga vilikuwa vimetawanyika. Safu moja tuliikuta kwenye kilabu cha pombe, imara kuliko kilabu chenyewe. Mwenye kilabu hakutaka fedha, alitaka viti vya plastiki vya idadi hiyohiyo, na nadhani anaamini alinipunja.

Mashine moja ya sinema ipo palepale juu, imeshika kutu, nzito kiasi kwamba hata wauza vyuma chakavu walishindwa. Haitafanya kazi tena. Hatuna vipuri wala mikanda. Niliandika maelezo ya yule mzee, nikapiga picha kila kifaa na kukiandikia jina alilokiita yeye, nakala moja nikampa mwenye jengo na nyingine ninayo. Mpwa anataka ukumbi uonyeshe mpira siku za ligi kwa projekta ya kisasa. Mzee wa Isevya hataki hata kusikia. Mimi niko upande wa mpwa: pazia lilitengenezwa ili litazamwe, na mashabiki wa Simba na Yanga watalipa umeme.

Kilichobaki ni vyoo. Vya zamani vilijengwa kwa watu wanaokaa saa tatu wakiwa wametulia, si kwa harusi ya usiku kucha, na kina mama wa kamati wananisimamisha sokoni kunidai kana kwamba ni vyangu. Nimeshavichora upande wa uani, mbali na ukuta wa ukumbi, na nimemwambia mpwa kwamba safari hii anilipe kabla sijakunjua karatasi.