Mara ngapi nafuata mzigo Bangkok, safari hii nikalala Ayutthaya

Mwenzenu nimeenda Bangkok kufunga mzigo zaidi ya mara kumi, na kila nikirudi Kariakoo mtu akiniuliza Thailand ikoje namwelezea Pratunam, mtaa wa nguo za jumla, mana ndo nilikokuwa nakujua, hoteli, maduka ya nguo, kago, basi. Safari hii mtu wa kago kasema mzigo hautoki mpaka siku mbili mbele, nikasema siku mbili hizo ni zangu, nikamburuza shoga yangu twende Ayutthaya, mji wa kale nje ya Bangkok, tukalale hukohuko.

Treni tulipandia stesheni ya Hua Lamphong, daraja la tatu, baht 20, yaani nauli ya bodaboda. Hakuna AC, madirisha wazi na feni juu, wamama wanapita na vikapu vya chakula, kilomita kama 70 hivi lakini inajikokota karibu masaa mawili. Ukishuka watu wa bajaji watakurukia, wewe wapite tu, vuka barabara nyoosha mpaka mtoni kuna kaboti ka kuvusha watu, mana mji wenyewe wa kale ni kisiwa, mito mitatu imeuzunguka.

Huo ndo ulikuwa mji mkuu wa Siam, yaani Thailand ya zamani, toka 1350 mpaka 1767 jeshi la Burma lilipouteka likauchoma. Ukweli kasri la wafalme lilinikata maini, mimi nimeenda na picha ya dhahabu kichwani nakuta majani na misingi ya matofali, kilichosimama ni ile minara mitatu ya Wat Phra Si Sanphet pembeni yake (wat ni hekalu). Na masanamu ya Buddha mengi hayana vichwa, vingine viliondoka na vita vingine wezi wa kuuza vitu vya kale.

Ila Wat Ratchaburana jamani. Wana wawili wa mfalme waligombea kiti mwaka 1424, kila mmoja juu ya tembo wake, wakauana wote wawili palepale, kiti kikaenda kwa mdogo wao ambaye wala hakupigana! Ndo akawajengea hekalu. Chini ya mnara kulikuwa na chumba kimejaa dhahabu, kimekaa kimya miaka mia tano na ushee mpaka 1957 wezi wakakitoboa, baadhi ya mali ikaokolewa iko makumbusho ya Chao Sam Phraya humohumo mjini. Nikashuka kwenye hicho chumba, ngazi nyembamba na kali unashuka kinyumenyume, joto kama tanuri, ukutani michoro myekundu imefifia mpaka umulike na simu. Shoga yangu kagoma juu kule, "mi siingii kaburini kwa kulipia kiingilio".

Wat Mahathat kuna kile kichwa cha Buddha kilichoshikwa na mizizi ya mti, nikasimama zangu nipigwe picha, nasikia filimbi priiii! Mlinzi ananionyesha chini, kumbe lazima uchuchumae, kichwa chako kisizidi cha Buddha. Nikachuchumaa, na picha ndo ikatoka nzuri.

Faida ya kulala tuliiona jioni, mabasi ya watalii yashaondoka. Bajaji tulipatana kwa kikokotoo cha simu, mimi naandika yeye anafuta, kama Pratunam tu, akatupeleka Wat Chaiwatthanaram, la 1630, liko ng'ambo ya mto. Jua linazama nyuma ya minara, halafu taa zikawashwa, wasichana wamekodi nguo za kifalme wanapiga picha, tukakaa chini hatuna hata la kusema. Na msosi usiogope, Waislamu wapo wengi na halali ipo. Kuna roti sai mai, sukari imevutwa ikawa nyuzi kama nywele, unaikunja ndani ya chapati nyembamba ya rangi rangi, nilikula pakiti nzima kitandani.

Asubuhi tukashukia Bang Pa-In njiani kurudi, hapo sasa ndo kasri lenye paa! Banda la dhahabu katikati ya bwawa, la enzi za mfalme Chulalongkorn, na jumba jingine la Kichina limenakshiwa kila kona. Getini shoga yangu akazuiwa, suruali imechanika magotini, fasheni yake hiyo. Nikatoa kanga begini akajifunga, dada wa getini akaishika shika, akagusa maandishi, anataka kujua imeandikwa nini. Hasidi hana sababu. Nikaandika kwenye simu itafsiri, sijui ilimwambia nini, alicheka mpaka akawaita wenzake waje wasome, na sisi tukaingia wanacheka bado.

Tunatoka tu, mtu wa kago anapiga simu.